Jeki, gurudumu, rola, mchanga au elbo: kukunja bomba la stenlesi kwa reli za boti Mtwara

Ukizunguka karakana za kuchomelea za Mtwara mjini ukauliza nani anakunja bomba la stenlesi, ni nadra kuambiwa "hapa hatukunji". Karibu kila mwenye karakana ya kueleweka ana mashine ya jeki, ile iliyokunja mabomba ya maji, matao ya mageti na viti vya bustani za watu. Kwa hiyo swali hilo halikusaidii. Uliza mambo matatu kuhusu reli yako: kona ina nusu kipenyo gani, ukuta wa bomba una milimita ngapi, na kona zinazofanana ni ngapi. Ukishayajua, njia ya kukunja inajichagua yenyewe, na mara nyingine utagundua hakuna haja ya kukunja hata kidogo.

Nalinganisha hapa njia zinazopatikana au zinazoweza kupatikana ukiwa Mtwara, Mikindani au Lindi, kwa ajili ya boti za faiba za uvuvi, boti za kupeleka wageni Msimbati, na mashua za mbao. Sina upande wowote wa kuuza, ila nina upendeleo, na utauona.

Bomba kwanza

Stenlesi ya madukani, ile ya ngazi na mageti, huja kwa madaraja matatu: 201, 304 na 316. Ya 201 imepunguziwa nikeli na kuongezewa manganizi ili bei ishuke. Sebuleni inang'aa tu, lakini ukiipeleka Shangani kwenye upepo wa bahari inaanza mapema kutoa madoa ya rangi ya chai, kwanza kwenye maungio. Ya 304 ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi. Masufuria na masinki mengi ni hiyo. Ya 316 ina nyongeza ya molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, na hiyo nyongeza ndiyo inayoikinga na vijitundu vinavyochimbwa na chumvi. Boti inayolala majini iwekewe 316, na kama reli itachomelewa tafuta 316L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03. Ya 304 inavumilika kwenye boti inayopandishwa mchangani na kuoshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila ikirudi, mradi mwenyewe akubali kuisugua mara kwa mara. Ya 201 usiinunue kwa kazi ya baharini, hata ikiwa nusu bei.

Watu hupima kwa sumaku. Sumaku haitakuambia mengi: 304 na 316 zikiwa hazijafanyiwa kazi hazishikwi, na 201 nayo mara nyingi haishikwi. Tena kukunja kwenyewe kunaweza kuifanya 304 ishikwe kidogo pale kwenye kona, na mteja akaanza ugomvi bila sababu. Kipo kipimo cha tone la dawa na betri ndogo ambacho hubadilika rangi kikikuta molibdenamu. Muuzaji anayetaka bei ya 316 asikunje uso ukiomba tone lipigwe mbele yako.

Kwa unene, mizani inatosha. Bomba la inchi moja, yaani milimita 25.4 kwa nje, likiwa na ukuta wa milimita 1.5 lina uzito wa gramu 900 hivi kwa mita. La 1.2 ni gramu 730, la 1.0 ni gramu 610. Bomba zima la mita 6 basi lifike kilo 5.4, au 4.4, au 3.7. Likiwa limeandikwa 1.2 na mizani inasoma kilo tatu na nusu, umeuziwa jina. Kwa reli za kushikwa na watu wazito boti ikiyumba, mimi sishuki chini ya 1.5. Ya 1.2 naiacha kwa paa la turubai.

Kitu cha mwisho kuhusu bomba: la reli huitwa kwa kipimo chake cha nje, la maji huitwa kwa tundu lake la ndani, tena kwa kukadiria. Bomba la maji la "robo tatu" lina milimita 26.9 kwa nje, la "inchi moja" lina 33.7. Mwenye boti anasema inchi moja, fundi anasikia inchi moja, na kila mmoja ana bomba lake kichwani. Kona nyingi mbovu zinaanzia hapo.

Mashine ya jeki

Ni jeki ya mafuta, mara nyingi ya tani 12 au 16, inayosukuma kalibu yenye umbo la upinde katikati ya bomba huku rola mbili zikilizuia kushoto na kulia. Ni rahisi kuinunua, haihitaji umeme, na kwa kazi iliyotengenezewa haina lawama. Bomba la maji la robo tatu lina ukuta wa milimita 2.6 hivi, la inchi moja 3.2. Ukuta kama huo unakubali kusukumwa sehemu moja bila kushikwa kwingine.

Sasa weka bomba la reli, milimita 25.4, ukuta 1.2. Kalibu iliyo karibu nalo ni ya robo tatu, yenye mfereji wa 26.9, kwa hiyo bomba linacheza milimita moja na nusu. Fundi anapiga mpini. Nyuzi kumi za mwanzo zinapita vizuri, hata unaanza kumsifu. Halafu upande wa ndani wa kona linatokea kunyanzi dogo. Utaliona kwa mng'ao kuvunjika kabla hujalihisi kwa kidole. Mashavu ya bomba yanatanuka kujaza ile nafasi ya mfereji, mgongo, yaani upande wa nje wa kona, unalala bapa, na pale rola zinapogusa yanabonyea mabonde mawili. Kufika nyuzi sitini bomba limekatika kiuno.

"Bosi, bomba lako laini hili."

"Siyo laini, fundi. Kalibu yako kubwa."

Mazungumzo hayo hayana mshindi, maana bomba limeshaharibika na stenlesi iliyokunjamana hainyooki ikarudi ilivyokuwa.

Kuna hali moja ambayo jeki inafaa boti, na naona watu wanaipita. Nunua paipu ya stenlesi ya viwandani badala ya bomba la mapambo: robo tatu ya shedyuli 10 (namba ya unene wa ukuta), yenye milimita 26.7 nje na ukuta wa 2.1. Hiyo inakaa sawasawa kwenye kalibu ya robo tatu na ina nyama ya kutosha. Uzito unapanda hadi kilo 1.3 kwa mita, na uso wake hauna kioo; ni wa kijivu na utakulazimu kuusugua ukitaka ung'ae. Kwa boti ndogo ya mwendo kasi uzito huo huko juu unaudhi. Kwa mashua ya kubeba mizigo na watu, ambayo reli yake inapigwa na magunia, ndoo na nanga, ni chaguo zuri sana, na mashine yake ipo mtaa wa pili.

Mashine ya gurudumu

Hapa bomba halisukumwi, linavutwa. Gurudumu lina mfereji uliochongwa kwa kipimo cha bomba hilo hilo. Kibano kinalibana bomba kwenye gurudumu na kuzunguka nalo, na kipande kingine chenye mfereji kinalala mgongoni mwa bomba kulizuia lisitanuke wakati linaingia kwenye kona. Limeshikwa ndani na nje, juu na chini, kwa hiyo hata likitaka kuwa yai halina pa kwenda. Zipo za mkono zenye mpini mrefu zinazofungwa sakafuni kwa bolti, na zipo za umeme na mafuta. Kwa inchi moja ya ukuta wa 1.5, ya mkono inatosha, ila iwe na sakafu ya zege imara na watu wawili.

Kipimo cha kawaida ni nusu kipenyo cha kona mara tatu ya kipenyo cha bomba, ukipima hadi katikati ya bomba. Kwa inchi moja hiyo ni milimita 76. Mgongo wa kona unavutika kama sehemu moja ya sita, kwa hiyo ukuta wa 1.2 unabaki karibu na 1.0 pale mgongoni, na wa 1.5 unabaki 1.3. Ukibana kona hadi milimita 51, yaani mara mbili ya kipenyo, mgongo unavutika robo nzima na bomba jembamba linahitaji kijiti cha chuma ndani yake kinachokaa pale kona inapotokea. Mashine zenye kijiti hicho ni za karakana kubwa za viwanda. Reli ya boti haina sababu ya kona kali kiasi hicho. Ukiitaka, nenda kwenye elbo, kona za kununua.

Bomba la mapambo limekunjwa kutoka bati na kuchomelewa kiwandani, kwa hiyo lina mshono kwa urefu wake wote, hata kama limeng'arishwa usionekane. Utafute kwa kuchungulia ndani ya bomba kwenye mwanga. Mshono ule ukae ubavuni mwa kona, pale ambapo chuma hakivutwi wala hakisukumwi. Ukikaa mgongoni unaweza kupasuka, ukikaa ndani unaanzisha kunyanzi. Ni kazi ya dakika moja, na fundi anayeifanya bila kukumbushwa unaweza kumwachia mengine.

Kisha alama. Kona ya nyuzi 90 kwenye gurudumu la milimita 76 inakula milimita 119 za bomba: 76 mara 1.57. Anayepima kutoka ncha hadi ncha kwa futi kamba bila kuhesabu hivyo atapata reli fupi au ndefu kuliko sitaha. Alama ziwekwe kwa kalamu ya wino, kwani mkwaruzo wa msumari unabaki milele na chumvi inapenda mikwaruzo.

Halafu kuna kurudi. Stenlesi hurudi nyuma kuliko chuma cha kawaida: unaikunja nyuzi 90, unaachia mpini, inasimama kwenye 86 au 87. Dawa yake ni kupitiliza, na kiasi cha kupitiliza hakipatikani kwa kubahatisha. Kinapatikana kwa kukunja kipande cha taka kutoka kwenye bomba lile lile. Bomba la duka jingine, au la unene mwingine, lina kurudi kwake. Ukikuta karakana ina vipande vya kona ukutani vimeandikwa namba kwa wino, "90 = 94", "45 = 47", kaa hapo.

Ubaya wa mashine hii ni kalibu. Kila kipenyo kina gurudumu lake, kibano chake na kipande chake cha mgongoni, na 25 si 25.4. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye boti zaidi ya moja, au kwa wenye boti wanaofahamiana Mikindani, ni kukubaliana kipenyo kimoja. Inchi moja kwa kila kitu, nguzo na reli na ngazi ya kupandia. Fundi mmoja akinunua kalibu ya inchi moja kwa uhakika wa kazi zenu, wote mmepona. Kabla hamjamtafuta huyo, ulizeni SIDO (shirika la viwanda vidogo) na VETA (vyuo vya ufundi), Mtwara na Lindi. Karakana za mafunzo zina watu wanaojua nani mjini ana mashine gani.

Na usimkubalie fundi wa AC anayekuletea kikunjio chake cha mkono. Kile ni cha shaba laini.

Rola tatu, na mkono mtupu

Mashine ya rola tatu hupitisha bomba huku na huku, rola ya kati ikishushwa kidogo kila mara, mpaka bomba linakuwa tao. Mafundi wa mageti wanazo, nyingine wamejitengenezea kwa bearingi na shafti. Kwa matao mapana, kama yale ya kubeba paa la turubai au mzunguko wa nyuma kwenye tezi, hakuna inayoishinda. Kwa inchi moja, hesabu tao la nusu kipenyo cha milimita 200 kwenda juu. Angalia kitu kimoja kabla ya kukabidhi bomba: je, rola zina mfereji wa duara? Rola bapa, za kukunjia nondo na flatibaa, zinaligeuza bomba kuwa bapa pole pole na hutaona mpaka mwisho. Pia ncha mbili za bomba hazikunjiki, kwa sababu lazima zishikwe na rola za pembeni, hivyo nunua bomba refu kuliko unavyohitaji, ukate ncha zilizonyooka.

Kwa ubavu wa boti, usikunje. Boti ya mita 7 inapinda taratibu kutoka katikati kuja omo, yaani mbele, na bomba la inchi moja linafuata mpindo huo kwa kuvutwa na mikono miwili. Simamisha nguzo zote, zishike. Funga bomba kwenye nguzo ya kati. Vuta kwenda omo ukilishikiza kwa nukta moja moja za moto, kisha rudi upande wa tezi. Usimalize kuchomelea nguzo yoyote kabla nukta zote hazijakaa, kwani bomba lina mvuto na litaivuta nguzo isiyo na mwenzake.

Mchanga

Njia ya wazee: ziba ncha moja kwa kizibo cha mti, jaza mchanga mkavu uliochekechwa, gonga bomba kwa nyundo ya mbao huku ukiongeza mpaka mchanga haushuki tena, ziba ncha ya pili, kisha likunje kuzunguka kalibu ya mbao nene. Mchanga unafanya kazi ya kijiti cha ndani. Kwa tao moja la milimita 150 au zaidi, ambalo hutalirudia tena maishani, ni njia ya haki na haina gharama.

Sharti la kwanza kwa huku kwetu: usiende kuchota ufukweni. Mchanga wa pwani una chumvi, nawe unaipakia ndani ya bomba unalotaka lisishikwe na chumvi. Chukua wa mtoni, uukaushe juu ya bati, na ukimaliza suuza bomba ndani kwa maji baridi. Sharti la pili ni la uhai. Wengine wanalipasha moto bomba lililozibwa ili lilainike. Mchanga ukiwa na unyevu, mvuke unarusha kizibo kwa nguvu ya kuua mtu.

Na hata ukiwa mkavu, moto kwa stenlesi siupendi. Kati ya nyuzijoto 450 na 850 hivi za Selsiasi kaboni inaungana na kromiamu kwenye mipaka ya chembe za chuma, na sehemu hiyo inabaki bila kinga yake. Daraja la L linapunguza tatizo hilo. Lakini bado uso unaungua, unatoa rangi za njano, bluu na weusi, na rangi hizo zisipoondolewa ndipo kutu ya kwanza inapotokea. Chuma cha kawaida unakipasha, unakipaka rangi, yameisha. Stenlesi haina rangi ya kuficha.

Elbo na viungo

Elbo ni kona iliyokwisha kukunjwa kiwandani. Unakata bomba, unachomelea. Inaondoa suala lote la mashine na kuleta suala la mchomeleaji. Kwa ukuta wa 1.5 kazi nzuri ni ya TIG, uchomeleaji wa umeme wenye gesi ya argoni, na waya wa 316L. Uliza mapema kama mtungi wa argoni una gesi. Ahadi za "kesho inakuja kutoka Dar" zinaweza kula wiki, na barabara ni zaidi ya kilomita 500. Vijiti vya kuchomelea vya E316L vyembamba, vya milimita 2, vinawezekana kwa fundi mwenye mkono mwepesi, lakini kwa 1.2 vinatoboa.

Angalia madaraja ya elbo zenyewe. Elbo nyingi za duka la vifaa vya ujenzi ni za ngazi za nyumba, inchi moja na nusu au mbili, na mara nyingi ni 201. Ukichomelea elbo ya 201 kwenye bomba la 316 utapata reli inayong'aa yenye kona za kahawia.

Baada ya kuchomelea, jeli ya asidi ya kuondolea rangi za moto ipakwe, kisha ioshwe kwa maji mengi. Ndani yake kuna asidi inayopenya ngozi hadi mfupani, basi glovu za mpira na miwani si hiari. Na grenda: diski iliyokwisha kusaga nondo ina vumbi la chuma ambalo linajipachika kwenye stenlesi na kutoa kutu siku chache baadaye. Brashi ya waya wa kawaida inafanya hivyo hivyo. Nunua diski mpya na brashi ya waya wa stenlesi, mkabidhi fundi mkononi, mwambie ni za kazi hii tu.

Viungo vya skrubu, yaani elbo, tii na vitako vya kusubu vyenye skrubu ndogo za kubana, havihitaji moto kabisa. Vipo vya inchi moja na vya saba-ya-nane, na vitako vya nyuzi 60 na 90. Ni ghali kwa kipande na skrubu hulegea kwa mtetemo wa injini zisipotiwa gundi ya nati. Kwa mtu wa Songo Songo au Msimbati, ambaye bomba likivunjika hana wa kulichomelea, navipendekeza bila kusita.

| Njia | Nusu kipenyo kidogo kabisa cha kona, bomba la 25.4 × 1.5 | Kazi yake | Inapoharibikia |
|---|---|---|---|
| Jeki | usiitumie. Ni ya paipu ya 26.7 × 2.1 na zaidi | mashua nzito | kunyanzi ndani, mgongo bapa |
| Gurudumu | mm 76 | reli ya omo, kona zinazojirudia | kalibu isiyolingana |
| Rola tatu | mm 200 hivi | paa, mzunguko wa tezi | rola bapa, ncha zilizonyooka |
| Mchanga bila moto | mm 150 hivi | tao moja la pekee | mchanga usioshindiliwa, chumvi |
| Elbo na TIG | kali upendavyo | kona chache, mahali pabana | daraja la elbo, usafi wa fundi |
| Viungo vya skrubu | vipimo vya kiwandani tu | mbali na mji | skrubu kulegea |

Boti yako iko wapi hapo

Boti ya faiba ya uvuvi ya mita 6 au 7 yenye reli mbili fupi pembeni: bomba la inchi moja la 1.5, ubavu uvutwe kwa mkono, ncha nne ziwe elbo au kona za gurudumu. Ni kona nne tu. Kununua mashine kwa ajili hiyo ni kujitafutia deni.

Boti ya wageni yenye reli ya omo ni habari nyingine, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Reli ya omo hupinda kwa pande mbili kwa wakati mmoja: inafuata umbo la sitaha na papo hapo miguu yake inashuka. Kona ya kwanza ikiwa sahihi na ya pili ikageuzwa nyuzi tano kombo, reli nzima inakaa upande. Vipimo vya karatasi havitoshi. Tengeneza kiolezo cha nondo ya milimita 6 juu ya boti yenyewe, ukitandika turubai chini, ukiinamishe mpaka kikae, uweke alama ya juu na ya kulia. Kiolezo hicho unaweza kukipeleka kwa mwenye gurudumu popote alipo, hata Dar es Salaam kwa basi, na bomba likarudi likakaa. Hapa gurudumu halina mpinzani.

Mashua ya mbao: paipu nene ya shedyuli 10, jeki, nguzo zilizofungwa kwa bolti zinazopita hadi chini na washa pana au kipande cha mbao ngumu upande wa pili. Skrubu za mbao peke yake zitang'oka mtu wa kwanza akiegemea. Chini ya kila kitako jaza gundi ya boti pasibaki nafasi, kwa sababu stenlesi inajikinga kwa hewa, na maji ya chumvi yakituama mahali pasipo na hewa yanaila kimya kimya, hata ikiwa 316.

Kimo kiamuliwe kabla ya bomba kukatwa. Viwango vya kimataifa vya boti za starehe vinataja milimita 450 kwa reli ya aina fupi na 600 kwa ya aina ndefu. Kwa meli, Mkataba wa Kimataifa wa Mistari ya Shehena wa 1966 unataka mita 1, uwazi wa chini kabisa usizidi milimita 230 na wa juu yake 380. Boti ikibeba abiria inakaguliwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa hiyo peleka mchoro kwao kabla ya kulipa fundi. Kukunja upya ni kununua bomba upya.

Kuhusu malipo yenyewe, epuka msimu wa korosho kama unaweza, mafundi wakiwa wamezidiwa na mageti na madirisha ya waliouza. Patana kwa kona, si kwa siku. Bomba ulilete wewe, na mita moja ya ziada iwe ya majaribio. Kona ya majaribio ipimwe kwa kalipa mbele yenu wote wawili, kwa mapana na kwa wima: bomba la 25.4 likitofautiana zaidi ya milimita 2 kati ya pande hizo, au likiwa na kunyanzi linalokwaza ukucha, kazi haijaanza na hela haijatoka.